Bei ya Mtupo Mmoja

Zilikuwa zimebaki sekunde 35 na Duke walikuwa wakiongoza 67 kwa 61. Ilikuwa nusu fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, tarehe 5 Aprili 2025, katika uwanja wa Alamodome mjini San Antonio, Texas. Emanuel Sharp wa Houston akafunga pointi tatu. Duke wakanyang'anywa mpira walipokuwa wanaurudisha mchezoni, Houston wakarusha wakakosa, na Joseph Tugler akaudaka ulipotoka ubaoni na kuuzamisha kikapuni kwa mikono yake. 67 kwa 66. Zilipobaki sekunde 20, Tyrese Proctor wa Duke akafanyiwa faulo na kwenda kwenye mstari wa mitupo huru. Kanuni ya vyuo iliyotumika pale ni kali: ukifunga mtupo wa kwanza ndipo unapewa wa pili. Proctor akakosa wa kwanza. Katika kuugombania mpira, mwamuzi akaona Cooper Flagg amempanda mgongoni J'Wan Roberts wa Houston, na Roberts akafunga mitupo yake yote miwili. Mechi ikaisha 70 kwa 67. Houston wakaenda fainali.

Wapenzi wa mchezo huu watabishana miaka mingi kama ile ilikuwa faulo kweli. Linalonishughulisha mimi ni bei iliyokuwa ikipanda na kushuka sambamba na mpira. Mashindano ya Machi na Aprili 2025 yalikuwa ya kwanza ambamo Mmarekani mwenye simu aliweza kununua na kuuza matokeo ya mechi za wanafunzi katika soko lenye kibali cha serikali kuu, chini ya mamlaka ileile inayosimamia mikataba ya mahindi, mafuta ghafi na dhahabu. Mtupo wa Proctor ulipogonga chuma na kutoka nje, fedha za watu ambao hajawahi kuwaona zilihama mikono kabla hajageuka kurudi nyuma kulinda.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Mkataba unauliza swali la ndiyo au hapana: je, Duke watashinda? Wakishinda, mwenye mkataba wa "ndiyo" analipwa dola 1. Wakishindwa, hapati kitu. Tangu swali linapofunguliwa hadi king'ora cha mwisho, mkataba huo unauzwa kwa bei yoyote kati ya senti 1 na senti 99, na wanaoipanga ni wanunuzi na wauzaji wenyewe. Ukinunua "ndiyo" kwa senti 95, ujue yupo mtu upande wa pili aliyenunua "hapana" kwa senti 5. Fedha zenu zikiwekwa pamoja ni dola moja, na mmoja wenu ataichukua yote. Kampuni yenye soko haichezi dhidi yenu, inatoza ada tu. Kampuni ya Kalshi, iliyopata kibali chake mwaka 2020 na kuanza mikataba ya michezo Januari 2025, imezoea kutumia hesabu ambayo ada hufika kileleni mkataba ukiwa senti 50, takriban senti 1.75 kwa kila mkataba, kisha hupungua bei inaposogea kwenye ncha zote mbili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea kusuka mkeka wake wa wikendi ataona mara moja tofauti. Kampuni ya kubeti hupanga odi yenyewe na kuficha fungu lake ndani ya odi hiyo. Huko Marekani kawaida ni kuweka dola 110 ili ushinde 100, maana yake unahitaji kupatia zaidi ya mara 52 katika kila 100 ili usile hasara. Na ukipatia mno, kampuni nyingi zitakupunguzia kiasi unachoruhusiwa kuweka mpaka uchoke. Katika soko la utabiri hakuna mwenye nyumba anayemwogopa mteja mjuzi. Unaweza pia kuuza mkataba wako katikati ya mchezo, ukatoka na faida ndogo au hasara ndogo badala ya kusubiri king'ora. Haya ni maboresho ya kweli, na anayeyapinga masoko haya bila kuyakiri hayo hayatendei haki.

Hoja ya watetezi ina mizizi mirefu kuliko kamari. Mwaka 1907 Francis Galton alichapisha hesabu ya makisio 787 ya uzito wa ng'ombe yaliyokusanywa kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza. Kisio la katikati lilikosea uzito halisi kwa chini ya asilimia 1. Mwaka 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek aliandika kwamba maarifa ya jamii hayakai kichwani mwa mtu mmoja wala katika ofisi moja. Yametawanyika vipande vipande, na bei ndiyo chombo kinachoviunganisha vipande hivyo bila mtu kuamriwa. Mwaka 1988 walimu wa Chuo Kikuu cha Iowa waliijaribu fikra hiyo kwa kufungua soko dogo la mikataba ya uchaguzi wa rais. Walitaka kuona kama watu wanaoweka fedha zao wenyewe wanatabiri vizuri kuliko watu wanaojibu maswali kwa simu, na mara nyingi waliona hivyo.

Ninaiheshimu kazi hiyo. Nadhani pia ndiyo inayotupa kipimo cha kuyapimia masoko ya mpira wa kikapu. Bei ina thamani kwa jamii pale mtu asiyekuwa ndani ya biashara hiyo anapoweza kuitumia. Mkulima wa mahindi wa Iowa hutazama bei ya Chicago ya mahindi ya Desemba akiwa bado anapanda, akauza sehemu ya mavuno yake mapema, na benki ikamkopesha kwa sababu hiyo. Msagishaji naye anajua atanunua kwa kiasi gani. Hata bei ya uchaguzi ina kazi: mwagizaji wa bidhaa anayehofia ushuru mpya ana sababu ya kutaka kujua nani ataingia madarakani. Sasa nioneshe mtu ambaye, zikiwa zimebaki sekunde 20 Alamodome, alihitaji kujua kwamba nafasi ya Duke imeshuka, akabadilisha jambo lolote la maana katika maisha yake kwa kujua hivyo.

Watetezi humtaja mwenye hoteli na mwenye duka la fulana. Timu ikifika fainali, mashabiki wanafurika. Isipofika, vyumba vinabaki wazi. Kwa hiyo mfanyabiashara huyo angependa kujikinga. Ni hoja halali kwa swali la kama timu fulani itafika fainali, likinunuliwa wiki kadhaa kabla. Haielezi biashara inayofanyika mpira ukiwa unadunda. Hakuna mwenye hoteli anayejikinga dhidi ya ribaundi.

Kalshi wenyewe waliwahi kuyasema haya. Walipoishtaki mwaka 2023 CFTC, ile mamlaka ya serikali kuu inayosimamia mikataba ya mahindi na mafuta, wakidai haki ya kuuza mikataba ya uchaguzi, waliijengea hoja yao tofauti kati ya uchaguzi na michezo. Uchaguzi, walisema, una matokeo ya kiuchumi yanayowagusa watu wengi, ilhali mikataba ya michezo kama fainali ya mpira wa Kimarekani haina kazi hiyo ya kujikinga, na ndiyo aina ambayo Bunge lilikusudia kuiweka nje ya masoko haya. Septemba 2024 jaji Jia Cobb wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliwapa ushindi kuhusu uchaguzi. Miezi minne baadaye walikuwa wanauza mikataba ya michezo, na leo michezo ndiyo inayobeba sehemu kubwa kabisa ya biashara yao. Kampuni ina haki ya kubadili msimamo. Lakini hoja waliyoitoa mahakamani ilikuwa nzuri, na haikupoteza uzuri wake kwa sababu aliyeitoa ameiacha.

Sheria ya Marekani kuhusu mambo haya si tupu. Mwaka 1955 wafanyabiashara wawili katika soko la Chicago walihodhi vitunguu, wakaipandisha bei, kisha wakaviachia sokoni kwa wingi mpaka gunia la vitunguu likauzwa kwa bei ya chini kuliko gunia tupu. Wakulima walifilisika. Mwaka 1958 Bunge likapiga marufuku mikataba ya baadaye ya vitunguu, na marufuku hiyo ipo hadi leo. Mwaka 2010, katika sheria kubwa iliyofuata msukosuko wa mabenki, Bunge lilipiga marufuku mikataba ya mapato ya filamu, na likaipa CFTC uwezo wa kuzuia mikataba inayohusu vita, ugaidi, mauaji ya viongozi na michezo ya kubahatisha, pale inapokuwa kinyume cha maslahi ya umma. Uwezo huo upo. Kilichopungua ni nia ya kuutumia, na utaratibu wenyewe unarahisisha kutoutumia: soko lenye kibali hujithibitishia lenyewe kwamba mkataba wake mpya unafuata sheria, huwasilisha karatasi, na linaweza kuanza kuuza siku ya kazi inayofuata iwapo mamlaka haikuingilia.

Hapo ndipo Texas inapokuwa na maana katika kisa hiki. Texas hairuhusu kubeti kwenye michezo. Wabunge wa jimbo hilo wameletewa miswada mara kadhaa na hawajaipitisha kuwa sheria, na huo ni uamuzi wao kwa niaba ya wapiga kura wao. North Carolina, nyumbani kwa Duke, iliruhusu kubeti kwa simu kuanzia Machi 2024, kwa watu wa miaka 21 na kuendelea. Jimbo moja limekataa, jingine limekubali kwa masharti. Masoko ya utabiri yaliyavuka yote mawili, kwa sababu yanahesabiwa kuwa biashara ya mikataba iliyo chini ya serikali kuu. Umri wa kufungua akaunti Kalshi ni miaka 18. Kodi ambazo majimbo huzitoza kampuni za kubeti, na New York inachukua asilimia 51 ya mapato yao ya kubeti kwa simu, haziyagusi masoko haya.

Majimbo hayakunyamaza. Machi 2025, mashindano yakiwa yanaanza, Nevada na New Jersey ziliiamuru Kalshi isimamishe mikataba ya michezo. Kalshi ikaenda mahakamani. Huko New Jersey jaji aliikinga kwa muda mwezi Aprili. Huko Maryland, mwezi Agosti mwaka huohuo, jaji mwingine aliikatalia ombi kama hilo. Majaji wawili wa shirikisho wamesoma sheria ileile wakatoka na majibu mawili. Nadhani jaji wa Maryland ndiye aliyeisoma vizuri. Ni vigumu kuamini kwamba suala la kubeti, ambalo Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2018 kwamba majimbo yana uhuru wa kuliamua, lilikuwa tayari limetolewa mikononi mwa majimbo kwa kifungu cha sheria ile ya mwaka 2010.

Lakini mabishano ya mamlaka, hata yakiisha, hayagusi kiini. Kiini ni wachezaji.

Turudi kwa Hayek. Nguvu ya bei, alisema, ni kuvuta maarifa yaliyotawanyika. Katika mahindi, maarifa hayo ni mvua, wadudu, mbolea, meli zilizochelewa bandarini. Yametawanyika kwa mamilioni ya watu na hakuna hata mmoja anayeweza kuamuru mvua inyeshe. Katika mechi ya chuo maarifa hayo yapo mahali padogo sana. Yapo katika bweni. Nani amevimba kifundo cha mguu mazoezini, nani ana homa, nani amegombana na kocha na hataanza kesho: mambo hayo yanajulikana na vijana wachache wa miaka 19, wenzao wa chumba, wapenzi wao, na mwanafunzi anayebeba maji ya timu. Ligi za kulipwa zinazilazimisha timu kutangaza majeruhi. Vyuoni utaratibu huo umeanza juzijuzi na haujaenea kila mahali. Kwa hiyo soko linapofanya kazi yake sawasawa, linakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba hicho na kutoa fedha.

Na wachezaji kumi walio uwanjani wana kitu ambacho mkulima hana. Wanaweza kuyatengeneza matokeo. Kwa mtu mwenye fedha nyingi na dhamiri ndogo, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata utabiri sahihi.

Historia ya mchezo huu inalijua hilo vizuri. Mwaka 1950 City College ya New York ilifanya jambo ambalo hakuna timu nyingine imewahi kulifanya: ilitwaa ubingwa wa mashindano yote mawili makubwa ya vyuo katika msimu mmoja. Mwaka uliofuata wachezaji wake walikamatwa. Uchunguzi wa mwendesha mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, ulifichua wachezaji 32 wa vyuo saba waliopokea fedha ili kupunguza tofauti ya pointi katika mechi 86 kati ya mwaka 1947 na 1950. Timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilifungiwa msimu mzima. Wengi wa vijana wale walikuwa watoto wa wafanyakazi maskini, na maisha yao ya mpira yaliishia pale. Likaja tena Boston College msimu wa 1978 na 1979. Likaja Arizona State mwaka 1994. Na Januari 2026 waendesha mashtaka wa shirikisho mjini Philadelphia walitangaza mashtaka dhidi ya watu 26, wakidai kwamba wachezaji zaidi ya 39 wa timu zaidi ya 17 walihusika katika kupanga au kujaribu kupanga matokeo ya mechi 29 na zaidi. Rushwa inayodaiwa ilikuwa kati ya dola 10,000 na 30,000 kwa mechi, na waliolengwa, kwa mujibu wa mashtaka, walikuwa hasa wachezaji ambao kiasi hicho kilizidi chochote walichokuwa wakipata kwa njia halali. Mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji wa vyuo umewatajirisha nyota. Mlinzi wa timu ndogo isiyooneshwa kwenye televisheni kubwa bado hana kitu.

Fedha za Philadelphia, kwa mujibu wa mashtaka hayo, zilipitia kampuni za kubeti, na watetezi wa masoko ya utabiri wana haki ya kulisema hilo. Wanasema pia kwamba soko lenye kumbukumbu za kila muamala hufichua wizi haraka kuliko kamari ya gizani ya mwaka 1950. Ni kweli. Kumbukumbu husaidia kumkamata mtu. Lakini kijana akikamatwa, ya kwake yamekwisha, na mimi nahesabu pia gharama ya kumweka karibu na kishawishi, hasa pale kishawishi kinapoletwa na soko ambalo mwenzake wa chumba ana umri wa kutosha kufungua akaunti humo. Cooper Flagg, usiku ule wa San Antonio, alikuwa na miaka 18. Alikuwa mdogo mno kubeti kihalali katika jimbo la chuo chake. Kwa umri alikuwa mkubwa wa kutosha kwa Kalshi, ingawa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimzuia.

Desemba 2025 Kalshi iliwasilisha CFTC karatasi za mikataba kuhusu uhamisho wa wanafunzi: je, mchezaji fulani atahama chuo chake? Rais wa NCAA, Charlie Baker, alipinga hadharani, na kampuni ikasema haina mpango wa kuiuza kwa sasa. Nilisikitika kwamba wazo hilo lilifika hata kwenye karatasi. Mechi angalau huchezwa mbele ya watu. Uamuzi wa kuhama unafanyika kwenye meza ya chakula na mama, au katika ofisi ya kocha mlango ukiwa umefungwa, na kila aliyeketi pale ni mtu wa ndani.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni katika jambo hili. Katika kikosi cha Duke cha usiku ule alikuwamo Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, na aliyeanza kuushika mpira wa kikapu mwaka 2019 tu. Naye alikuwa na miaka 18. Kabla yake Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, akafika nusu fainali ya taifa mwaka 2009, na mwaka huohuo akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Thabeet alikuwamo katika ile mechi ya Machi 12, 2009 dhidi ya Syracuse mjini New York iliyokwenda mara sita muda wa nyongeza. Mwishoni mwa muda wa kawaida Eric Devendorf wa Syracuse alifunga, uwanja ukalipuka, kisha waamuzi wakatazama video na kulikataa kapu hilo kwa sababu mpira ulikuwa bado vidoleni king'ora kilipolia. Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika nyongeza tano za kwanza, wakashinda ya sita, 127 kwa 117, usiku wa manane ukiwa umepita. Vijana wale walikuwa hoi. Wanaokumbuka mechi ile wanaikumbuka kwa huo uchovu na ule ukaidi. Sitaki kufikiria simu zao zingekuwa na ujumbe wa namna gani asubuhi yake kama kila mmoja wa mitupo ile ungekuwa umewapa au kuwanyang'anya watu elfu kadhaa fedha zao. Wachezaji wa vyuo wa leo wanajua ujumbe huo, kwa sababu wanaupokea: matusi na vitisho kutoka kwa watu waliopoteza.

Wanaopoteza ni akina nani? Soko hili halina mwenye nyumba, lakini hilo halimaanishi kwamba walio upande wa pili ni watu wa kawaida kama wewe. Mwaka 2024 kampuni ya Susquehanna, moja ya kampuni kubwa za biashara ya fedha duniani, ilijiunga na Kalshi kama mtoa bei, yaani anayesimama tayari muda wote kununua na kuuza. Kampuni za aina hiyo huishi kwa programu za kompyuta na takwimu zinazofika haraka. Mtazamaji wa intaneti anaweza kuwa nyuma ya mchezo kwa nusu dakika. Wakati anamwona Proctor akiudundisha mpira kabla ya kurusha, bei inaweza kuwa imeshajua kwamba amekosa. Anayebonyeza "nunua" wakati huo ananunua habari ya zamani kwa bei ya zamani, na anayemuuzia anajua.

Kisha kuna ule udhaifu ambao mwanasaikolojia Richard Griffith aliuonesha mwaka 1949 katika mbio za farasi, na ambao umeonekana katika kamari nyingi tangu hapo: watu hulipa kupita kiasi kwa nafasi ndogo na kulipa pungufu kwa nafasi kubwa. Mkataba wa Houston ulionunuliwa kwa senti 5 katika dakika mbaya ungelipwa mara 20 usiku ule. Aliyeupata atausimulia maisha yake yote. Wanaomsikiliza watanunua mikataba ya senti 5 msimu mzima, katika daraja lenye timu zaidi ya 350 na mechi karibu kila usiku kuanzia Novemba, na hawatasimulia chochote.

Januari 2026 Baker aliiomba CFTC isimamishe masoko ya michezo ya vyuo mpaka kuwe na kinga za kutosha: umri, matangazo, ufuatiliaji wa miamala inayotia shaka, unyanyasaji wa wachezaji. Ombi lake lilikuwa la kiasi. Mimi ningeomba zaidi kidogo, na ningeomba bila kulifuta wazo zima, kwa sababu fikra ya Hayek na majaribio ya Iowa havistahili kutupwa. Mikataba yote ya mechi za vyuo ifungwe mpira unaporushwa juu katikati ya uwanja. Hapo mwenye hoteli amekwisha kujikinga na mtafiti amekwisha kupata bei yake. Kinachobaki baada ya hapo ni mbio za kuona nani ana picha ya haraka. Umri uwe 21, na jimbo lililokataa kubeti liheshimiwe. Pasiwe na mkataba wowote unaomtaja mwanafunzi mmoja kwa jina, iwe pointi zake, jeraha lake au chuo atakachohamia. Na pawe na kikomo cha fedha anachoweza kuweka mtu mmoja, kidogo kiasi kwamba rushwa ya dola 20,000 haiwezi kurudi na faida.

Watasema soko lenye masharti hayo haliwezi kutabiri. Soko la Iowa liliruhusiwa na CFTC mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sharti kwamba mtu asiweke zaidi ya dola 500. Lilitabiri chaguzi za rais kwa miongo kadhaa chini ya kikomo hicho, na wasomi waliendelea kuzinukuu bei zake.